Mjadala: Mkimbiaji wetu aoshe trei jikoni ya chuo, lakini asishike chupa ya kinywaji mbele ya kamera?

Wadau habari za jioni. Naleta hii kitu hapa kwa sababu wiki jana tulibishana kwa grupu ya familia mpaka watu wakaanza kutoka, na mimi bado sijaridhika. Mzee wetu mmoja, namheshimu sana, alisema hawa vijana wenye skolashipu za kukimbia Marekani wasiguse kabisa pesa za matangazo, kwa sababu bingwa ni nidhamu na pesa za mapema zinaua nidhamu. Wengi wakamuunga mkono. Mimi napinga.

Kwa wasiofuatilia: tangu Julai 1, 2021 mwanamichezo wa chuo kule anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, wenyewe wanaita NIL, anatangaza viatu, mkahawa, chochote, analipwa. Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano ya kesi ya House, ile wanamichezo waliishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, sasa chuo chenyewe kinaweza kugawia wanamichezo wake pesa, kwa mwaka wa kwanza 2025/26 mpaka karibu dola milioni 20.5. Nyingi zinaenda kwa futiboli yao na basketi, hilo linajulikana, lakini hata mkimbiaji anaweza kupata chake. Mkimbiaji Mmarekani, yaani. Wetu wengi wako na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, na hiyo wakati wa masomo inakuruhusu kazi ya ndani ya chuo, masaa 20 kwa wiki, basi. Kupigia duka la mjini tangazo kunaweza kuhesabiwa kazi bila kibali, na hapo viza yenyewe iko hatarini.

Mtoto wa dada yangu yuko huko mwaka wa tatu, chuo sitakitaja. Ufadhili wake ni nusu. Msishangae, mpaka msimu wa 2024/25 timu ya riadha ya wanaume divisheni ya kwanza, daraja la juu la vyuo, ilikuwa na skolashipu 12.6 za kugawana wote, wa mbio, wa kuruka na wa kurusha, kwa hivyo kupewa nusu ni kawaida. Ile nusu nyingine anaitafuta jikoni. Akinipigia WhatsApp usiku wao namwona bado na eproni, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni kama mtu ametoka kufua siku nzima, nyuma yake trei zimepangwa karibu zifike dari. Anatoka saa nne na nusu usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kochi anawangoja barabarani. Mwenzake wa chumba, kijana wa huko huko ambaye humaliza nyuma yake, anashika chupa ya kinywaji mbele ya simu sekunde 30, anaposti, mchana analala.

Sasa niambieni nidhamu ya nani inaharibika hapo.

Maana sisi wa huku Uasin Gishu na Elgeyo tunajua siri ya kambi za wakimbiaji ni nini, hatuhitaji kufundishwa. Unakimbia alfajiri, unakunywa chai, unalala, unakimbia tena jioni, unakula ugali, saa tatu taa zimezimwa. Kulala mchana ni mazoezi kama yale mengine na kochi yeyote wa Iten atakuambia hivyo. Ukimnyima kijana usingizi umemnyima nusu ya kazi yake. Na kuhusu pesa kuua nidhamu, Kipchoge yuko na Nike miaka mingi na bado akiwa kambini Kaptagat alikuwa anafagia na kusafisha choo kwa zamu kama wenzake, na anaandika mazoezi yake kwa daftari tangu 2003. Pesa imemkuta akiwa na tabia yake tayari. Kochi wake Patrick Sang mwenyewe alipitia chuo cha Texas, kwa hivyo hii njia ya vyuo si ya watu wavivu.

Halafu angalieni tumewapa hivyo vyuo kitu gani. Henry Rono 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Edward Cheserek aliwaletea Oregon mataji 17 ya NCAA na miaka yote hiyo sheria ya uamateur, yaani mwanamichezo wa chuo asilipwe, haikumruhusu kuuza hata jina lake. Juni 2025 Doris Lemngole wa Alabama akakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji dakika 8:58.15, hakuna mwanafunzi wa chuo aliyewahi kushuka chini ya dakika 9 kabla yake. Hayo majina yana thamani, na mwenye jina ndiye anakaa nje ya duka akiangalia.

Kuna aliyepata mlango. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mchezaji bora wa basketi ya vyuo 2022 akiwa Kentucky, alingoja timu ilipoenda Bahamas Agosti ile akafanya kazi zake za matangazo huko, kwa vile si ardhi ya Marekani na viza yake ya mwanafunzi haikuguswa. Safi sana. Lakini timu ya mbio za nyika inapelekwa Bahamas na nani? Wetu hajafika nyumbani miaka miwili kwa sababu ya nauli.

Pale mzee yuko sawa ni kwa maajenti. Kijana wa miaka 19 anatumiwa mkataba wa kurasa nyingi, anasaini kwa simu akiwa kwa basi, baadaye anagundua jina lake si lake tena. Hilo naliogopa kabisa. Ila dawa yake ni wakili na mzazi wasome kwanza, si kumfungia.

Mwenye alisema kwa grupu ati sheria ya viza ni sheria: ndio, na hatavunja, nimemkataza mimi mwenyewe. Ninachosema ni kwamba hiyo sheria iliandikwa kabla mambo ya NIL hayajakuwepo na inafaa ibadilishwe, na serikali yetu pamoja na shirikisho la riadha wangeweza kuliuliza hilo swali kwa ubalozi maana ni watoto wetu wengi.

Kwa sasa nauliza wenye watoto huko: kuna yeyote ambaye kijana wake alipiga picha za tangazo akiwa likizo hapa Kenya? Malipo yaliingia benki ya wapi, kodi alilipa wapi, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni iliandika barua ama ilisema tu kwa mdomo? Tunachanga nauli ya Desemba na ningependa kujua kabla hatujakata tiketi.