Nchi nzima tumekulia kwenye baiskeli, leo ukiipanda mjini unaonekana umefulia!

Wakuu,

Naandika nikiwa nimekereka, kwa hiyo mtanivumilia. Juzi nimeenda na baiskeli kupeleka barua kwenye ofisi moja ya umma hapa Dar (siitaji jina, wenyewe wanajijua). Mlinzi kanizuia getini. Maegesho nayaona kwa macho yangu, nusu matupu. "Kaka, baiskeli hapa haziingii." Niiweke wapi sasa? Akanionyesha kwa mdomo ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe, kwa mama ntilie. Bado tunabishana, likaja gari: geti likafunguliwa, saluti ikapigwa, na dereva hakuulizwa hata anakwenda kumwona nani.

Yule mlinzi simlaumu, katumwa. Nawalaumu waliomtuma, maana nina uhakika wengi wao ni wa rika langu na baiskeli wameijua kabla hawajaijua lifti.

Mimi nimekulia Shinyanga. Kwetu nyumba bila baiskeli ilikuwa nyumba yenye shida. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi, jirani ana Swala, ile iliyokuwa ikiunganishwa hapahapa nchini. Ilikuwa mali yenye heshima zake: inafutwa kwa kitambaa chenye mafuta, matagadi yanang'aa, dinamo inasugua tairi usiku na taa inawaka kadiri unavyokanyaga. Enzi za leseni za baiskeli, mzee alikuwa akisikia mgambo yuko njia kuu, anapita porini. Sisi watoto tulikuwa hatufiki kitini, kwa hiyo unapitisha mguu chini ya mtalimbo, mwili umepinda upande mmoja, kwapa limekumbatia kiti, na unakanyaga nusu nusu kwa sababu pedeli haimalizi mzunguko. Mnyororo ukichomoka kwenye mteremko, hapo ni kutafuta kichaka chenye miiba michache. Nani hapa hana kovu la pedeli kwenye muundi? Na aliyekuwa hana baiskeli kwao alikwenda kwa fundi kukodi BMX, akilipia raundi. Fundi anakaa na saa yake mkononi, ukichelewa kidogo anakufuata kwa miguu huku anatukana.

Dada zetu walinyimwa hata hicho. Binti akipanda baiskeli ataharibika, ndivyo bibi zetu walivyosema, na hakuna aliyewauliza kwa nini binti huyohuyo anaruhusiwa kubeba ndoo ya maji kichwani kutwa nzima. Hilo nalo lina uzi wake, siku nyingine.

Ukubwani ndipo nikaona baiskeli ikilisha watu. Shinyanga mjini abiria walikuwa wanapanda "daladala", na daladala yenyewe ni baiskeli yenye karia iliyowekewa mto. Vijana wamesomesha wadogo zao kwa ile kazi. Pikipiki zilipojaa mwishoni mwa miaka ya 2000, wengi wakahamia huko, na siwalaumu, mlima ni mlima. Lakini serikali za miji zikajifanya kwamba baiskeli nayo imekufa. Haijafa! Simama barabara ya Pugu alfajiri, uwaone wabeba mkaa wanashuka na magunia yamepita kichwa, hawana taa, hawana njia, wamebanwa kati ya malori na mtaro. Wauza mikate je? Wauza samaki wanaotoka Feri na tenga nyuma? Hao wote tunakula kutoka mikononi mwao, halafu akigongwa mmoja utasikia "aliingia barabarani ghafla". Aingie ghafla wapi, wakati hana pa kuwa tangu mwanzo?

Sasa njoo kwenye hii ya mwendokasi ndiyo mchoke kabisa. Barabara ya Morogoro ilijengwa upya, Kimara hadi Kivukoni, mabasi yakaanza 2016, na pembeni tukawekewa njia za baiskeli. 2018 Dar ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa mradi ule, tukapiga makofi. Haya, chukua baiskeli leo upite kwenye ile njia. Unaanza na meza ya machungwa. Kisha viatu vya mtumba vimetandazwa chini kwa mpangilio mzuri tu. Kisha mfuniko wa chemba haupo, umeshauzwa chuma chakavu. Kisha gari limepaki. Na katikati ya vyote hivyo bodaboda anakujia uso kwa uso, anakwepa foleni, na yeye ndiye anayekupigia honi utoke! Machinga simfukuzi, anatafuta riziki na aliambiwa akae popote asipofukuzwa. Nauliza tu: mbona kwenye njia ya basi hajatandaza viatu? Kwa sababu pale kuna mtu anasimamia. Kwenye yetu hakuna.

Nikilisema hili huwa najibiwa kwamba Bongo kuna joto, baiskeli ni za Wazungu wenye baridi yao. Shinyanga kuna baridi gani? Watu wanakanyaga saa saba mchana na gunia la mpunga nyuma. Na hao Waholanzi mnaowasifia hawakuzaliwa na njia za baiskeli. Miaka ya 1970 miji yao ilikuwa imejaa magari, mwaka 1971 pekee watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani, ndipo wazazi wakaingia mitaani kuandamana na wakafunga barabara. Njia zile zilidaiwa.

Au tuache Ulaya. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yamefanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kigali, hapo mlango wa pili! Milima ile yote. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, na akaondoka na jezi ya kijani ya kinara wa pointi. Sisi Watanzania tuliangalia kwenye simu tukiwa ndani ya daladala, foleni ya Ubungo.

Wale wanaotoka Jumapili alfajiri na helmeti na suruali za kubana, sina ugomvi nao, waendelee. Ila hata wao wanatoka kwa kundi na gari la kuwasindikiza nyuma. Hiyo peke yake inatosha kukuambia barabara zetu zikoje.

Kilichoniuma zaidi kiko nyumbani. Binti yangu wa darasa la tatu nimemnunulia baiskeli ya mtumba, zile za Kijapani zenye kapu mbele. Anaiendesha koridoni, kutoka mlango wa jikoni hadi choo, anageuza, anarudi. Nje hapatoki: kiwanja cha mtaa kimejengwa fremu za maduka, na barabara ya vumbi bodaboda zinapita kama zimeibwa. Mimi kwa umri wake nilikuwa natumwa kijiji cha pili kusaga mahindi.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na mheshimiwa yeyote anayepita humu ayabebe. Kila jengo la umma liweke vyuma vya kufungia baiskeli ndani ya geti, vyuma vitatu tu, haihitaji mkopo wa benki yoyote. Njia za baiskeli za pembeni ya mwendokasi zisafishwe na zisimamiwe kama ile ya basi. Na mlinzi aelekezwe.

Nyie mnaokwenda kazini kwa baiskeli Posta na Kariakoo, mnaifunga wapi? Nitajieni sehemu, maana kesho narudi pale pale ofisini na barua yangu haijapokelewa.