Tupeane uzoefu: ukiishika tochi ya LED dukani, unaipimaje kabla ya kutoa hela?

Dunguni
Wakuu, habari za usiku. Nalima mpunga bonde la Kilombero. Mpunga ukianza kubeba tunalala dunguni, maana kiboko akiingia usiku mmoja tu, asubuhi unakuta shamba kama limepitiwa na trekta. Ninachojitetea nacho ni debe na tochi.

Mwezi wa nne nilinunua mnadani tochi nyeusi ya kuvuta kichwa, boksi limeandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 90,000, nikatoa shilingi 12,000. Usiku wa kwanza ilimulika mpaka wenzangu wa dungu la pili wakapiga mluzi. Usiku wa tatu, kama saa nane, nikasikia maji yanachapwa upande wa mto. Nikawasha. Dakika kumi hazikufika ikafifia ikawa kama kijinga kinachozimika. Nikaigonga kwenye kiganja, ikawaka, ikazima moja kwa moja. Nikabaki nagonga debe gizani, namsikia anavyotafuna. Kulipokucha karibu robo eka ilikuwa imelala chini.

Nataka kununua nyingine kabla ya msimu. Siombi mnitajie jina la tochi tu, kwa sababu jina linabandikwa hata kwenye takataka. Naomba kujua wewe unaangalia nini ukiwa umeishika mkononi.

FundiSolda
Pole sana mkuu. Kwanza hilo boksi. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa lumeni kama 800. Kwa hiyo wanakuambia kwenye kiganja chako kuna balbu zaidi ya mia moja. Betri ya 18650, ile ya lithiamu ya mviringo iliyo nene kuliko ya redio, ikiwa nzuri kweli inabeba mAh (kipimo cha chaji) 3,500 hivi kwa volti 3.7, yaani wati-saa kama 13. LED ikitoa lumeni 1,000 inakula karibu wati 10. Piga hesabu: betri imejaa, na bado haimalizi saa moja na nusu kwenye mwanga mkubwa. Tochi inayosema lumeni 900 na kukutajia muda wa kila mwanga naiamini kuliko inayosema 90,000.

Sasa mkononi. Fungua kifuniko cha nyuma taratibu. Sredi (ile mizunguko ya kufungia) nzuri ni nene na zimechongwa zikakaa, kifuniko kinazunguka bila kukwaruza kama kuna mchanga. Angalia springi: ikiwa nyembamba kama ya kalamu, umeme mwingi unapotea pale na springi yenyewe inapata moto. Halafu kuna kitu wengi hawakijui: ile sehemu LED inapokalia. Kwenye tochi nzuri ni kipande kizima cha chuma kilichobanwa kwenye kichwa, joto linatoka nje. Hizi za mnadani nikizifungua nakuta kisahani chembamba, chini yake uwazi mtupu. Joto halina pa kwenda, LED inajiunguza yenyewe. Ndiyo maana zinang'aa siku mbili halafu zinafifia.

Jaribio langu dukani: washa mwanga mkubwa, shika kichwa cha tochi dakika tatu mpaka tano. Kikianza kuwa na joto, usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa inadai nguvu nyingi na kichwa kimebaki baridi kabisa, ama joto limenaswa ndani ama nguvu yenyewe haipo.

Duara_Geita
Niongezee kwenye betri, huko ndiko nilikoumia mimi. Tunashuka duarani, yaani shimo la dhahabu, na taa za kichwa. Nilinunua betri mbili za 18650 zimeandikwa mAh 9,900. Ziliisha chaji kabla sijamaliza hata nusu ya zamu, nikapanda ngazi kwa mwanga wa mwenzangu, mguu kwa mguu. Siku ile sitaisahau.

Nilipofika juu nikaenda kwa mnunuzi wa dhahabu, nikamwomba aziweke kwenye mizani yake. Moja ilisoma gramu 28, ya pili 29. Nikatoa betri niliyoichomoa kwenye laptopu mbovu, saizi ileile: gramu 46. Mnunuzi mwenyewe akacheka, akasema "hii imekatwa karati". Betri halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi. Nyepesi kiasi kile maana yake ndani kuna kibetri kidogo na uwazi, au wamejaza kitu kingine. Msizipasue kuhakikisha, lithiamu inawaka. Mizani inatosha. Na yeyote anayeuza 18650 ya 9,900 huyo nampita, hiyo haijatengenezwa duniani.

NesiWaUsiku
Mimi nipo kituo cha afya, umeme ukikatika usiku tunamalizia kwa tochi mpaka jenereta iwake. Kwangu mwanga mkali si wa kwanza. Kwangu ni rangi.

Kulikuwa na mtoto wa siku mbili, mama anasema macho yamekuwa manjano. Nikamulika kwa tochi yenye mwanga wa bluubluu, sikuona manjano yoyote. Mwenzangu akaja na yake, mwanga wake una weupe wa joto kidogo, tukaona wote wawili, ngozi na macho. Tukampa mtoto rufaa asubuhi ileile. Tangu siku hiyo, nikienda kununua namulika kiganja changu. Kiganja kikionekana cha kijivu kama cha mtu aliyepauka, naiacha. Kikionekana kama kinavyoonekana mchana, wekundu wake upo, hiyo ndiyo yangu. Ukiona boksi lina neno CRI na namba 90 kwenda juu, hicho ndicho wanachokizungumzia.

Kingine: punguza mwanga uwe mdogo, kisha tazama kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari inakimbia, tochi inawakawaka haraka badala ya kutulia. Kushona kidonda kwa mwanga ule kunachosha macho.

Bamvua
Hodi ndugu zangu, niko Pemba. Maji ya bamvua yakitoka usiku tunashuka mwambani kutafuta pweza. Tochi ya kuvuta mbele na nyuma tafadhalini msiipeleke kwenye maji. Kila ukivuta kichwa inanyonya hewa, na hewa ya kule ina chumvi. Yangu ya kwanza niliifungua baada ya wiki, ndani kumeota kijani kila penye shaba.

Sasa naangalia mipira ya duara kwenye sredi. Iwepo, iwe miwili ikiwezekana, na ukifunga uhisi inabana. Boksi likiandika IPX7 maana yake imezamishwa mita moja kwa dakika 30, lakini ni kwa maji matamu. Ya baharini nikirudi nyumbani naichovya kwanza kwenye ndoo ya maji ya bomba ikiwa imefungwa, ndipo naifuta. Mpira naupaka grisi ya silikoni. Vaselini iliuvimbisha mmoja wangu, ukakatika.

MamaGenge
Samahani, mimi sikubaliani na kila mtu kununua ghali. Nina ile ya plastiki ya kuchomeka ukutani, 6,000, mwaka wa pili huu. Naitumia kufungia genge tu, na kila nikifika nyumbani naichaji, hata kama nimewasha dakika tano.

FundiSolda
Dada umefanya sahihi bila kuambiwa. Zile nyingi ndani zina betri ya risasi na asidi, volti 4. Ukiiacha tupu wiki kadhaa inaganda, hairudi tena. Wengi wanaziua kwa kuzisahau kabatini. Tahadhari moja: ikiwa kwenye chaji usiiwashe wala kuishika na mikono yenye maji, na usiifungue. Ndani haina transfoma, umeme wa ukutani unapita kwenye kapasita tu. Mimi fundi imenirusha.

Doria
@Dunguni, wewe shida yako ni umbali, na lumeni hazikuambii umbali. Tafuta namba ya kandela, yaani ukali wa mwanga kule unakoelekezwa. Umbali unaoandikwa kwenye tochi za kweli hupimwa mpaka pale mwanga unapobaki laksi (kipimo cha mwanga unaofika kwenye kitu) 0.25, kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kandela 10,000 inakupa mita 200 hivi. Ukitaka mara mbili ya hapo si 20,000, ni 40,000. Na kioo cha ndani kiwe kirefu na laini, kinakusanya mwanga. Chenye vinundunundu kinautawanya, kizuri kwa njia ya karibu.

Dunguni
Nawashukuru sana. Jana nilikwenda Ifakara. Nikamwambia muuzaji kabisa kwamba nitafungua, nitawasha, nitasubiri. Ya kwanza nilikwaruza chini ya kifuniko kwa ufunguo, rangi ikabanduka kama ya ukutani. Nikamwachia. Ya pili ufunguo uliteleza, haikuacha alama. Springi mbili, nyuma na mbele. Betri inatoka, imeandikwa 3,000. Kichwa kilipata joto dakika ya nne. Ina kandela 22,000. Halafu nikagundua kitu hamkukitaja: ukilegeza kifuniko robo mzunguko inakata umeme, haiwezi kujiwashia ndani ya mfuko. Muuzaji anasema ni kwa sababu sredi zenyewe zina ile rangi ngumu isiyopitisha umeme.

Bei 78,000. Roho iliuma, lakini gunia za ile robo eka nilizihesabu tena nikiwa pale kaunta.

Swali moja: inachajika kwa tundu la Type-C, ila waya wa simu ya kijana wangu wenye Type-C pande zote mbili haichaji, wenye USB ya zamani inachaji. Ni mbovu?

FundiSolda
Si mbovu mkuu. Wamebana matumizi, hawakuweka rezista mbili ndogo za kuiambia chaja itoe umeme. Tumia waya uliokuja nayo, usiupoteze. Kiboko akija tena usiku, tuletee mrejesho.