Naombeni ushauri: safari ya mshikamano kwenye kambi za Wasahrawi, Tindouf

Mama_Nuru (mleta mada)

Habari za jioni wakuu, na wakubwa shikamooni.

Niko Arusha, ni msaidizi wa kisheria kwenye kituo kidogo cha akina mama. Nimepata nafasi ya kujiunga na ujumbe wa mshikamano unaokwenda kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi, yaani Wasahrawi, zile za Tindouf huko Algeria. Tutakuwa Waafrika wa nchi mbalimbali na Wazungu wachache. Tutalala kwenye nyumba za wakimbizi wenyewe, tutasikiliza vikundi vya wanawake, ndugu za wafungwa na waliokatwa viungo na mabomu ya ardhini. Kisha kila mmoja akirudi kwao ana kazi ya kueleza aliyoyaona.

Jambo hili liliniingia moyoni Septemba 2022, Mahakama ya Afrika ilipotoa hukumu yake hapa hapa Arusha. Bernard Mornah wa Ghana alizishtaki nchi 8 kwa kushindwa kuwatetea Wasahrawi, na Tanzania yetu ikiwemo. Nchi hizo hazikukutwa na hatia, ila Mahakama ilisema wazi kwamba Morocco kuikalia Sahara Magharibi hakupatani na haki ya watu kujiamulia mambo yao, na kwamba kila nchi ina wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi waipate haki hiyo. Nikajiuliza, wajibu huo ataubeba nani kama sisi raia hata kambi zilipo hatupajui?

Sasa siku zinakaribia na usingizi umenikimbia. Naomba kujua: usalama ukoje kule? Majina na picha za wajumbe huwekwa hadharani? Na je, mtu wa kipato changu aende, au hiyo nauli aitume tu iwasaidie? Nishaurini bila matusi.

Kahawa_Chungu

Nimekaa siti ya mbele. Wajuvi waje.

Kibo_Kaskazini

Usalama: Oktoba 2011 wafanyakazi watatu wa misaada, Wahispania wawili na Muitaliano mmoja, walitekwa Rabouni, makao makuu ya kambi zile. Waliachiwa Julai 2012. Tangu hapo mgeni hatembei ovyo, kuna msafara na walinzi. Usitishaji vita wa 1991 ulivunjika Novemba 2020, ila mapigano yako kule kwenye ukuta wa mchanga wa Morocco, ule wa kama kilomita 2,700 uliozungukwa na mabomu, si kambini.

Usichanganye na kwenda El Aaiún, upande unaoshikiliwa na Morocco. Huko watetezi na waangalizi wengi wamerudishwa uwanja wa ndege kabla hawajaona mji.

Mwana_Mazimbu

Dada, umenikumbusha mbali. Nimekulia Morogoro, jirani na Mazimbu, enzi ANC ya Afrika Kusini wana shule yao pale. Marehemu baba alikuwa seremala, amechonga madawati ya watoto wale. Vijana wa Soweto walikuwa wanakuja kwetu jioni, mama anawapakulia ugali na mlenda, wanacheka jinsi unavyoteleza. Mmoja alimwita mama yangu mama mpaka anaondoka. Hakuna mtu mtaani aliyeuliza sisi tunafaidika nini.

Tanzania iliwatambua Wasahrawi 1978. Novemba 1984, kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa uliomchagua Mwalimu kuwa mwenyekiti, ndipo walipokalia kiti chao na Morocco ikasusa ikatoka. Hiyo ndiyo nchi mliyorithi. Leo kijana anapiga hesabu ya nauli! Nenda.

Chuma_Ulete

Longido hapo jirani yako kuna mabinti wanaozeshwa wakiwa wadogo. Hao hawana haki? Mshikamano uanzie nyumbani.

Mswalihina_Kndn

Mfalme wa Morocco alipokuja 2016 aliahidi msikiti Kinondoni, na umejengwa, ninaswali mle. Hao ni ndugu wawili Waislamu wamegombana. Wewe unaingia kati kama nani?

Mwana_Mazimbu

@Mswalihina_Kndn msikiti ni jambo la kheri na Mungu amlipe aliyeujenga. Lakini mtu akikujengea msikiti, shamba alilomnyang'anya jirani yake linakuwa lake?

Dada_Wakili

Mdogo wangu Mama_Nuru, maswali uliyouliza yana majibu mepesi, na Kibo ameshakujibu. Mtu hakosi usingizi kwa kutojua kama alale kambi ya Rabouni au ya Smara. Kuna jambo umelizunguka. Kazini wamekukatalia? Mume?

Mama_Nuru

Hapana dada. Kazini nimepewa likizo bila malipo, na baba Nuru ameridhia, tena ndiye aliyeniongezea pesa ya viza. Ni wasiwasi wa kawaida tu wa safari.

Dada_Wakili

Sawa. Na picha? Umeuliza picha kabla hujauliza hata chanjo. Unamficha nani?

Mama_Nuru

Dada umenibana. Nitasema.

Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, anasoma uhandisi Rabat, mwaka wa tatu. Anasoma kwa ufadhili wa serikali ya Morocco, ule wanaowapa wanafunzi wa Afrika. Baba alifariki yeye akiwa darasa la sita, mimi ndiye nimemsomesha mpaka kidato cha sita kwa kuuza vitenge huku nafanya kazi. Hajui habari ya safari hii.

Nimeshatuma kianzio na nakala ya pasi. Lakini nimelifikiria hili, msidhani nimekurupuka. Pasi yangu ina jina la mume, hatufanani majina. Nitajitanda ushungi vizuri, nitakaa nyuma, sitasimama penye bendera. Na sijawahi kusikia mwanafunzi amefukuzwa Morocco kwa sababu dada yake alilala kambini. Kama kuna aliyewahi kusikia aseme.

Kahawa_Chungu

Sasa uzi ndio umeanza. Ongeza sukari.

Chuma_Ulete

Ndiyo nilichosema. Unaacha wako unakimbilia wa mbali. Dogo akirudishwa na begi lake mwaka wa tatu, hao Wasahrawi watamalizia ada?

Lema_Jr

Mimi nilisoma nje kwa ufadhili (si Morocco). Usichokijua dada, ufadhili hauvunjwi kwa barua ya kukufukuza. Kibali cha ukaazi kinachelewa. Posho inasemekana "bado inashughulikiwa". Unaenda ofisini unaambiwa njoo wiki ijayo, na hakuna anayekutajia sababu. Kuna jamaa yetu aliliishi hilo muhula mzima kwa maneno aliyoandika mtandaoni. Kwa hiyo hilo la "sijawahi kusikia" lisikupe moyo.

Mzee_wa_Hoja

Wakuu mbona mnaburuzwa? Hii ni CHAI, stori ya kutunga. Tazameni mtiririko. Mei 2025 Kenya inatangaza kuunga mkono mpango wa Morocco wa kuipa Sahara mamlaka ya ndani. Oktoba 31 mwaka huo huo Baraza la Usalama linapitisha azimio 2797 linaloupa uzito mpango huo huo. Halafu ghafla anaibuka dada wa Arusha, penye Mahakama, ana mdogo wake Rabat, kamsomesha kwa vitenge. Imekaa vizuri mno. Akaunti yenyewe haina mwaka. Kuna watu wanalipwa kuleta hizi.

Mswalihina_Kndn

Nilishahisi. Wanatafuta kuichafua Morocco.

Lema_Jr

Au ni Morocco wenyewe wanatutisha tusiende, nayo inawezekana.

Mzee_wa_Hoja

Mwambieni aweke barua ya mwaliko, tuone.

Mama_Nuru

Siweki barua wala pasi yangu hapa, na mwenye akili anajua kwa nini. Nitaandika yaliyomo kwenye karatasi ya maelekezo tuliyotumiwa, atakayeamini aamini. Begi la kulalia na sweta nzito, maana usiku wa Februari jangwani baridi ni kali. Tochi. Noti ndogo ndogo za yuro. Usivae nguo yenye madoa ya jeshi. Usimpige picha askari wala kizuizi. Zawadi mkabidhi mama mwenye nyumba, usigawe kwa watoto barabarani. Kundi la damu liandikwe kwenye fomu. Hiyo ya kundi la damu ndiyo iliyonikalisha chini jikoni nikaanza kufikiri sawasawa.

Mzee, mimi sibishani kwamba dunia imeegemea upande wa Morocco sasa. Ndiyo maana naona tunaotakiwa kwenda ni sisi.

Mpwa_wa_Pangani

Nimechelewa kuuona uzi. Mzee_wa_Hoja, si chai. Hilo la zawadi ni lile lile tuliloambiwa sisi. Nimefika kambi za Smara na Auserd, nikalala kwa familia moja. Nitaeleza kidogo, halafu nitasema jambo ambalo Mama_Nuru hatalipenda.

Unafika usiku, huoni kitu zaidi ya taa za gari la mbele. Asubuhi unatoka nje unakuta nyumba za matofali ya udongo, rangi moja na ardhi, na mapipa ya maji yanayojazwa na lori. Mti wa kivuli hakuna. Mama wa nyumba anakaa chini na jiko la mkaa, anamimina chai ya kijani kutoka glasi hii kwenda ile mpaka povu lijae, na mazungumzo hayaanzi mpaka chai ianze kuzunguka. Glasi ni tatu. Ukiaga baada ya ya kwanza umeikosea nyumba.

Mama yule amezaliwa kambini, na wanawe wamezaliwa kambini. Bibi yao alifungua kasha akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake kitambulisho cha Kihispania cha baba yake, chenye picha, kingo zimelika. Hispania ilifanya sensa kule 1974, na watu wa sensa ile ndio waliotarajiwa kuwa msingi wa daftari la wapiga kura ya maoni. Umoja wa Mataifa uliunda MINURSO Aprili 1991 kusimamia kura hiyo. Haijapigwa mpaka leo. Bibi hakutuomba kitu. Alitaka kila mmoja wetu akishike kitambulisho na asome jina kwa sauti. Tulikizungusha chumba kizima, Mghana, Mnamibia, mimi, kila mtu na lafudhi yake, na yeye anasahihisha matamshi.

Sasa lile jambo. Umesema utakaa nyuma umejitanda, hupigwi picha. Dada yangu, wao wanakuita ili uonekane. Shirika lao la habari linaandika juu ya wageni wanaofika, na wana haki, kwa sababu silaha waliyobaki nayo kubwa ni dunia kujua kwamba hawajasahaulika. Ukijificha utakula chakula cha familia yenye mgao mdogo, utalindwa na vijana wao usiku, halafu ushahidi wako utakuwa nusu. Na picha utapigwa tu. Ni watu wengi, kila mmoja ana simu.

Kuhusu nauli kuitumia kama msaada: wanaopeleka unga wapo. Wanaopeleka masikio ni wachache.

Dada_Wakili

Ahsante Mpwa. Mama_Nuru, swali langu ni moja. Katika mambo yote uliyopanga, ushungi, jina la mume, kukaa nyuma, ni wapi umemuuliza kijana mwenyewe? Hatari ni yake. Wewe utarudi Arusha.

Mama_Nuru

Nimemlea dada. Nikimwambia atasema nenda, kwa sababu hawezi kunikatalia. Si bora asijue? Hata akiulizwa, anajibu kweli kwamba hajui.

Dada_Wakili

Anayejibu kweli kwamba hajui haaminiwi zaidi ya anayedanganya, nimeliona hilo kwenye mahojiano mengi. Na kijana wa mwaka wa tatu wa uhandisi si mtoto. Mwambie kwamba akikataa hutakasirika, na uwe na maana hiyo kweli.

Ila usimwambie kwa simu. Machi 2022 Amnesty walieleza kwamba simu za Aminatou Haidar, yule mama Msahrawi mtetezi wa haki, zilikutwa na Pegasus, ile programu ya kudukua simu. Morocco inakana kutumia kitu hicho. Mimi sisemi mdogo wako anafuatiliwa, mwanafunzi wa kawaida hana ukubwa huo. Nasema mazungumzo haya ni ya kukaa uso kwa uso.

Mzee_wa_Hoja

Mimi bado nina mashaka yangu, ila hoja ya simu ni ya msingi. Nimetulia.

Mwana_Mazimbu

Mimi nilisema nenda, na bado nasema nenda. Lakini wale vijana wa Mazimbu wengi walikuwa wameacha wazazi na wadogo zao Afrika Kusini, na polisi wa makaburu walikuwa wanazigongea nyumba zile usiku. Mmoja aliwahi kumwambia mama yangu jikoni kwamba kila akila anawaza nani amegongewa. Umuulize mdogo wako, mwanangu.

Mama_Nuru

Nimewasoma wote, na nimerudia kusoma alichoandika Mpwa.

Likizo yake ni Julai, anakuja nyumbani. Nimewaandikia waandaaji leo kuomba kianzio kihamie ujumbe wa Oktoba, na nakala ya pasi waifute mpaka nitakapoithibitisha safari. Wamekubali la kianzio, la pasi bado hawajajibu. Sijasema nimeacha. Yeye akikataa siendi, na hukumu ile ya Mahakama nitaifanyia kazi nikiwa hapa hapa, maana hata wanasheria wenzetu wengi hapa mjini hawajaisoma. Akikubali nitakwenda kwa jina langu na uso wangu.

Dada_Wakili

Wabane la pasi. Wakupe jibu la maandishi kwamba imefutwa na kwamba hakuna mwingine waliyemtumia. Wasipojibu wiki hii, niandikie faraghani tuwaandikie pamoja.

Mpwa_wa_Pangani

Kama ni Oktoba, joto la mchana bado litakuwepo, ila usiku sweta itakufaa. Beba na koti la mvua: Oktoba 2015 mvua ziliangusha nyumba nyingi za udongo kambini, watu wakaanza upya. Na kwa mama wa nyumba peleka khanga, mbili mbili. Niliyempelekea aliuliza maandishi yanasemaje, tukakesha.