Mrejesho: Nimeacha distro ya Linux ya masasisho mfululizo, nimehamia Debian

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama nivumilie distro (mfumo wa Linux uliofungashwa pamoja na programu zake) inayosasishwa mfululizo, baada ya skrini kubaki nyeusi mara mbili kwa sababu ya keneli (kiini cha mfumo) mpya, au nihamie yenye matoleo ya vipindi.

Kwanza nilijaribu ushauri wa kuweka keneli ya LTS (inayotunzwa kwa muda mrefu) kando. Skrini ilirudi, lakini masasisho yalibaki yaleyale, mamia kwa wiki, na roho juu kila nikiwasha mashine. Nikanakili /home (folda ya mafaili yangu) kwenye diski ya nje (aliyenikaripia kuhusu hilo, shikamoo!), nikaweka Debian 12.

Wi-Fi ikagoma. Keneli 6.1 haikuitambua kadi yangu. Nikachomeka simu kwa USB nipate intaneti, nikaongeza bookworm-backports (hazina ya programu mpya zaidi kwa ajili ya Debian 12), nikashusha keneli ya huko:

sudo apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64

Nilipowasha upya, mitandao ikajaa kwenye orodha.

Kilichoshindikana: kihariri video cha kwenye hazina ya kawaida ya Debian ni cha zamani, hakifungui miradi yangu. Natumia cha Flatpak (njia ya kuweka programu bila kutegemea hazina ya distro), kinafungua, ila kinakula diski kweli.

Asanteni sana, hasa mliotaja backports.