1HZ inamisi asubuhi na kugonga: ni nozeli kweli?

mkonga75
Wakuu, habari. Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, injini 1HZ. Asubuhi inatoa moshi mweupe na kumisi (inatetemeka, silinda nyingine haziwaki) kama dakika tano, halafu inatulia. Ikishapata moto inagonga ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na mlimani inatoa moshi mweusi. Fundi anataka nozeli (vinyunyizio vya dizeli) mpya zote sita. Kuna njia ya kuhakikisha kabla sijatoa hela?

spana_17
Mkuu, hapo kuna magonjwa mawili, usiyachanganye. Moshi mweupe na misi vinavyoisha injini ikipata moto mara nyingi ni plagi za hita, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Toa ule upapi wa chuma unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa.

Kugonga injini ikiwa ya moto ndiko kunakoelekeza kwenye nozeli. Iache sailensa, kisha legeza nati ya bomba la dizeli upande wa nozeli, spana 17, nusu mzunguko tu, moja baada ya nyingine. Funika kwa kitambaa, vaa miwani, na mkono usikae mbele ya bomba: dizeli ya presha ile inapenya ngozi, na hilo ni la kukimbilia hospitali hata kama kidonda ni kidogo. Sikiliza:
- Mlio ukibadilika na mzunguko ukashuka, silinda hiyo inafanya kazi.
- Usipobadilika hata kidogo, silinda hiyo imelala.
- Kugonga kukikata papo hapo, umempata mwizi.

Ukishaipata, usinunue bado. Hamisha nozeli hiyo silinda ya jirani. Tatizo likihama nayo, ni nozeli. Likibaki palepale, tafuta kwenye kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) au pampu ya dizeli.

grisi_nyeusi
Nakubali, ila kabla ya kulegeza nati yoyote angalia chujio la hewa na la dizeli. Moshi mweusi wa mlimani unaweza kuwa chujio la hewa lililoziba na si kingine. Na kama mnanunua dizeli ya madumu barabarani, ile iliyochanganywa mafuta ya taa hailainishi: nozeli mpya zitaliwa kama za zamani, na pampu itafuata.

bomba_la_juu
Nozeli zikishatoka, zipelekwe kwenye mashine ya kupimia presha. Nozeli ya 1HZ inafunguka karibu bar 150. Springi ikichoka inafunguka mapema, tuseme bar 120, dizeli inaingia kabla ya wakati wake, na huko ndiko kugonga mnakokusikia. Presha inarekebishwa kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokaa kwenye springi. Kwa hiyo nozeli yenye presha ya chini si ya kutupa.

Ya kubadilisha ncha ni inayodondosha. Shikilia presha bar 10 hadi 20 chini ya ile ya kufungukia kwa sekunde 10; tone likianguka, sindano iliyo ndani ya ncha haikai vizuri. Mpuliko nao uwe ukungu uliosimama katikati. Ukitoka kama mchirizi au umepinda upande mmoja, dizeli haiungui yote, na hapo moshi mweusi unaeleweka.

mkonga75
Asante sana wakuu. Nikizitoa mwenyewe, wapi naweza kuharibu?

bomba_la_juu
Kwenye washa, yaani pete za chuma zinazokaa chini ya nozeli. Safisha kwanza kwa hewa, kisha soketi ndefu ya 27. Washa ya chini mara nyingi hubaki shimoni, ichomoe kwa kulabu. Ukiweka mpya juu ya ya zamani, nozeli inakaa juu na kompresheni inavuja pembeni. Weka mpya zote, na zile za bomba la kurudishia dizeli. Kaza Nm 64, si kwa nguvu za mkono wa fundi: ukizidisha, nozeli inajipinda ndani na sindano inakwama.

spana_17
Na usisahau kutoa hewa. Piga pampu ya mkono juu ya chujio mpaka iwe ngumu, legeza nati za mabomba ya dizeli upande wa nozeli, zungusha stata kwa vipindi vifupi mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Ukiwasha, acha dakika kumi, kisha pitisha tochi kwenye kila nati. Penye unyevu, zima injini kwanza ndipo ukaze.