Simfoni ya 9 ya Mahler, Vienna 1938: mbona Walter anakwenda mbio hivi?

FidlaUnguja:
Assalaam alaykum wakubwa zangu. Mimi napiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja, na okestra za Ulaya nimeanza kuzisikiliza mwaka huu tu. Simfoni ya 9 ya mtunzi Gustav Mahler niliijua kwa mwongozaji Leonard Bernstein na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, onyesho la 1985, ambapo sehemu ya mwisho peke yake inakaribia nusu saa. Jana usiku nimesikia ya mwongozaji Bruno Walter, Vienna, 16 Januari 1938. Mikwaruzo, watu wanakohoa, na sehemu ileile imekwisha kwa dakika 18 na kidogo! Je, santuri ndizo zilizombana? Na jingine lililonikosesha usingizi: fidla zao zinateleza kutoka sauti hadi sauti, kama tunavyoteleza sisi. Kwenye rekodi za siku hizi mtelezo ule nausikia kwa nadra mno.

MzeeWaSanturi:
Waalaykum salaam mwanangu. Santuri hazikumbana. Lile lilikuwa onyesho la hadhara katika ukumbi wa Musikverein, na mwongozaji hasimamishi okestra ili fundi abadilishe sahani. Uso mmoja ulibeba dakika nne na ushei, kwa hiyo mtayarishaji Fred Gaisberg na mafundi wa HMV, kampuni ya santuri, walikata vipande huku muziki ukiendelea. Zikatoka santuri 10, nyuso 20.

Mwendo ni wa Walter mwenyewe. Alikuwa msaidizi wa Mahler tangu ujanani, na ndiye aliyeiongoza simfoni hii kwa mara ya kwanza, Juni 1912 hukohuko Vienna. Mahler alikwisha kufariki mwaka mmoja kabla, hakuisikia. Mwaka 1961, Walter akiwa na miaka 84, aliirekodi tena studio huko Marekani, na sehemu ya mwisho ikarefuka kufikia kama dakika 21.

Kuhusu mtelezo, sikio lako limenifurahisha sana. Ndivyo walivyopiga Vienna enzi hizo. Aliyekalia kiti cha kiongozi wa fidla ni Arnold Rosé, shemeji yake Mahler, mwenye kiti hicho tangu 1881. Miezi miwili baada ya onyesho Wanazi waliingia Austria. Walter hakuweza kurudi wakati ule. Rosé, Myahudi kama yeye, akafukuzwa okestrani na kukimbilia London, akafia huko 1946. Binti yake Alma, naye mpiga fidla, alifia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, 1944. Mimi siwezi kuisikia fidla ile nikawasahau.

SautiYaNneMoshi:
Shikamoo mzee. Historia naiheshimu, lakini kwa mgeni ningemwanzishia onyesho la mwongozaji Claudio Abbado, Lucerne, Uswisi, 2010. Sauti safi, na baada ya noti ya mwisho ukumbi mzima unakaa kimya zaidi ya dakika mbili. Walter ananiharakisha msibani.

MzeeWaSanturi:
Marahaba. Abbado nampenda, asimkose. Ila wewe ni mwimbaji: uimbe ule wimbo wa sehemu ya mwisho kwa mwendo wa Bernstein, uone pumzi itakapokukatikia. Kwa Walter unaimbika. Halafu ukurasa wa mwisho, fidla za kwanza zinagusa wimbo kutoka Kindertotenlieder, nyimbo za Mahler za watoto waliofariki. Alizitunga kabla, kisha mwaka 1907 akampoteza binti yake Maria. Walter hauvuti mahali pale. Anauacha upite, na ndipo unaponiuma.

FidlaUnguja:
Ahsanteni. Leo nimekaa na fidla begani. Ule mwanzo, fidla peke yake kabla wengine hawajaingia, nimeufuata kwa Bernstein nikageuza upinde mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kwa Walter upinde ulitosha, na kidole kikateleza chenyewe mahali palepale wanapoteleza wao. Nimeurudia mpaka adhana ya magharibi. Mzee, karatasi ya noti za fidla ya kwanza naweza kuipata wapi?