Dizaini ya chipu yetu: tuuze laisensi au tutoe chipu wenyewe?

fundi_saketi:
Wakuu habari za leo, naombeni mawazo, mimi na mwenzangu tumeshaanza kununiana juu ya hili.

Tuna saketi ya ADC (inayogeuza volteji kuwa namba) ya kukaa kwenye mita za maji, inakula maikroampea 4 tu. Tuliichorea leiauti (ramani ya saketi kwenye chipu) ya nanomita 130, tukalipia nafasi kwenye wafa (sahani ya silikoni inayokatwa chipu) ya kuchangia na watu wengine, tukaletewa vipande 40. Nimevipima vyote mezani kwangu hapa Dar kimoja baada ya kingine, 37 viko poa, ila 3 nikivipuliza na drayi ya nywele vikafika kama nyuzi 60 namba zinaanza kuhama. Sasa kuna kampuni ya mita inaitaka. Mwenzangu yuko Dresden, anasema tuwape laisensi ya kutumia dizaini yetu, tuchukue hela ya mwanzo halafu royalti, yaani malipo kidogo, kwa kila chipu. Mimi naona hapo tumeuza shamba kwa bei ya mahindi, bora tutoe chipu yenye jina letu. Mtaji wote ni dola 60,000. Nani yuko sahihi?

leiauti_dada:
Kaka hongera kwanza, 37 kati ya 40 kwa mara ya kwanza si mchezo.

Lakini hiyo 60,000 ndogo. Seti yako mwenyewe ya maski (vibao vya kuchapia saketi kwenye wafa) inaweza kuimeza yote kabla hujashika chipu moja, na bado hujalipia pakeji, programu ya kutesti, muda wa mashine ya kutesti, na stoo ya mzigo ambao haujauzwa. Halafu hizo 3 zinazohama kwenye joto ni asilimia 7.5, kwenye mita 100,000 hizo ni nyumba 7,500 zinapata bili ya uongo, na ukiwa wewe ndo muuza chipu zinarudi mlangoni kwako. Kwa hiyo hata kabla ya kubishana laisensi au silikoni (chipu zenyewe), tafuteni kwanza kwanini zinahama.

mzee_wa_verilog:
Mimi niko upande wa mwenzako. Angalia ARM, kampuni ya dizaini za prosesa, walianza 1990 karibu na Cambridge, Uingereza, wahandisi 12 tu, ofisi ni ghala la shamba lililokarabatiwa, hela ya kiwanda hawana, wakaamua kuuza dizaini. Ila watu wanadhani laisensi ni kukaa unangoja royalti, hapana aisee. Nokia walilalamika kwamba programu za ARM zinakula memori nyingi na memori ni ghali, ikabidi ARM wakae chini watengeneze Thumb, maagizo ya biti 16 badala ya 32, ndo Nokia 6110 ikatoka na ARM ndani. Yaani mteja wa laisensi anakufanyisha kazi sana, jiandaeni kwa hilo.

Na msije mkafanya vyote viwili, kumuuzia mteja halafu kushindana naye. 3dfx walikuwa wanawauzia chipu za grafiki watengenezaji wa kadi, wakamnunua STB, mtengenezaji wa kadi, ili watoe kadi zao wenyewe, wale wateja wakahamia Nvidia, mwisho wa 2000 mali zao zikaenda kwa Nvidia hukohuko.

leiauti_dada:
Sawa mzee, ila ARM walikuwa wanauza dijitali, msimbo unahama kutoka faundri (kiwanda cha chipu) hadi faundri. Yake ni analogi, ukibadilisha faundri unachora upya karibu yote. Na mteja mmoja ni hatari, Imagination, waliokuwa wanauza laisensi za dizaini za grafiki, karibu nusu ya mapato ilikuwa Apple, 2017 Apple wakasema tunaacha dizaini zenu, hisa zikaporomoka zaidi ya asilimia 60 siku hiyohiyo na mwaka huohuo kampuni ikauzwa.

Fundi nikuulize, hao watu wa mita wanatengeneza chipu wao wenyewe au wananunua chipu wanachomelea kwenye bodi? Maana kama hawana chipu, hiyo laisensi wataichomeka wapi?

fundi_saketi:
Dada hilo swali limeninyima usingizi. Leo asubuhi nimeenda kununua mita yao moja nikaifungua na bisibisi. Ndani kuna maikrokontrola ya kawaida ya dukani, pembeni yake kichipu cha ADC cha miguu 8. Basi. Hawana chipu yao yoyote, wanataka tu kitu cha kukaa pale kwenye miguu 8.

leiauti_dada:
Basi hao sio wateja wa laisensi, ni wateja wa silikoni. Mwenye kuhitaji laisensi ni yule anayewauzia hiyo ADC au hiyo maikrokontrola, nendeni kwake, mwambieni mnunuzi wa mwisho ameshaomba. Ukimpa haki ya peke yake iwe kwenye mita za maji tu, kwa miaka 2, na aweke kiasi cha chini cha royalti kila mwaka hata asipouza. Jina lenu lisipokuwepo juu ya chipu msiumie, maski na zinazorudishwa vyote vitakuwa juu yake.

fundi_saketi:
Nimempigia mwenzangu, tumeongea saa nzima bila kugombana. Kesho narudi kwenye zile 3, naanza na volteji ya rejea (ile ADC inayotumia kulinganishia).

mzee_wa_verilog:
Angalia na mkondo unaovuja kwenye swichi za kusampo (zinazonasa volteji ya kupimwa), joto likipanda huwa unaongezeka. Utupe majibu mkuu.